Sura ya 6: Duara la Kijani

Muuguzi wa Marekani aliyechanjwa tetekuwanga mara mbili, na kadi yake ya chanjo anayo mkononi, anaweza kuajiriwa hospitali mpya, akatolewa damu, kisha akaletewa jibu kwamba hana kingamwili za ugonjwa huo. Hutokea mara nyingi kiasi kwamba kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kimetoa mwongozo wa wazi: mhudumu wa afya mwenye uthibitisho wa dozi mbili hana haja ya kupimwa, na ikiwa amekwisha kupimwa na jibu likasema hana kingamwili, ahesabiwe kuwa anayo kinga. Hospitali inaambiwa iamini kadi ya chanjo na iiweke kando karatasi ya maabara.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Kama kipimo hakiaminiki, tumejuaje kwamba chanjo inafanya kazi? Na kama chanjo inafanya kazi kwa kuufanya mwili utengeneze kingamwili, hizo kingamwili zimekwenda wapi? Maswali haya yamewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1970, na nimeyapa sura nzima kwa sababu yanagusa jambo ambalo watu wengi, hata madaktari, hulipita haraka. Namba inayotoka maabara haisemi lolote juu ya kinga ya mtu mpaka kwanza ilinganishwe na watu halisi waliokutana na ugonjwa: nani aliugua, nani hakuugua, na kila mmoja wao alikuwa na namba gani siku alipokutana nao.

Virusi ni vya aina moja, magonjwa ni mawili. Mtoto anapoambukizwa mara ya kwanza hupata tetekuwanga: homa, mwasho, na malengelenge yanayozuka kwa mafungu, haya yakikauka huku mengine yanachipuka. Mtoto anapona, lakini virusi haviondoki mwilini mwake. Vinaifuata mishipa ya fahamu hadi kwenye vifundo vilivyo kando ya uti wa mgongo, na huko vinakaa kimya miaka thelathini, hamsini, hata sabini. Vikiamka, vinashuka kwa mshipa mmoja na kutokeza kwenye ngozi ya upande mmoja wa mwili, mara nyingi kifuani, mgongoni au usoni, na kuacha ukanda wa malengelenge wenye maumivu ya kuunguza. Huo ndio mkanda wa jeshi. Daktari János Bókay wa Budapest aliugundua uhusiano wa magonjwa haya mwishoni mwa karne ya 19, alipoona watoto wakipata tetekuwanga baada ya kukaa nyumba moja na mtu mzima mwenye mkanda wa jeshi. Uthibitisho wa maabara ulikuja miaka ya 1950, pale Thomas Weller wa Chuo Kikuu cha Harvard alipovikuza virusi kutoka kwa wagonjwa wa aina zote mbili na kuonyesha kuwa ni vilevile.

Kwamba kingamwili zina uwezo wa kuzuia tetekuwanga, hilo lilionekana mwaka 1969. Philip Brunell na wenzake nchini Marekani walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu waliotoka kuugua mkanda wa jeshi, kwa kuwa damu yao wakati huo huwa imejaa kingamwili hizo. Wakawadunga watoto ambao ndugu zao nyumbani walikuwa wameanza kutoka vipele vya tetekuwanga. Waliodungwa mapema hawakuugua. Zingatia uzito wa jambo hili. Watoto hao hawakuwa wamechanjwa, na seli zao za kinga hazikuwahi kukutana na virusi hivi. Walipewa kingamwili tupu za watu wengine, na zilitosha. Jaribio lilikuwa dogo, lakini kila tunachosema leo juu ya kupima kinga ya tetekuwanga kimesimama juu yake, na dawa ya namna hiyo hadi leo hutolewa kwa wajawazito wasio na kinga na kwa watoto wenye kinga dhaifu waliokaa karibu na mgonjwa.

Basi kingamwili zinakinga. Lakini ni kiasi gani kinachotosha, na kiasi hicho kinapimwaje?

Kwa magonjwa mengi ya virusi, maabara huchanganya virusi na seramu ya mtu, yaani yale maji ya damu yaliyobaki baada ya seli kuondolewa, kisha hutazama kama virusi vimeshindwa kuingia kwenye seli zinazokuzwa chupani. Virusi vya tetekuwanga vinaleta taabu kwenye kipimo cha namna hiyo. Vikikuzwa maabara haviachilii virusi vipya vielee kwenye maji. Vinang'ang'ania ndani ya seli na kupita kutoka seli moja kwenda kwa jirani yake bila kutoka nje. Kuvipata vikiwa huru, kwa wingi wa kutosha kupimia, ni kazi ngumu. Kipimo kilichozoeleka zamani, cha kufunga komplementi (protini za damu zinazoshirikiana na kingamwili), kilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Kingamwili kilizozipima hufifia miezi michache baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mtu mzima aliyeugua tetekuwanga utotoni, ambaye ni nadra kuugua tena, alionekana kwenye karatasi kama mtu asiyewahi kuambukizwa.

Mwaka 1974 Anne Gershon na Philip Brunell, pamoja na mwenzao Williams, walichapisha kipimo kipya walichokitengeneza New York. Kinajulikana kwa herufi nne, FAMA, na ningependa nikieleze polepole, kwa maana kila hatua yake ina sababu.

Mtaalamu huanza kwa kukuza seli za binadamu na kuziambukiza virusi. Seli iliyoambukizwa hubadilika uso: protini za virusi hujitokeza juu ya utando wake wa nje, zikiwa katika umbo lilelile ambalo kinga ya mwili huliona ndani ya mgonjwa. Seli hizo haziuawi kwa kemikali wala hazikaushwi kwenye kioo. Hutumika zikiwa hai, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kipimo hiki, kwani protini iliyokaushwa au kuchemshwa hupoteza umbo lake, na kingamwili bora huenda zisiitambue. Kisha seramu ya mtu anayepimwa inazimuliwa hatua kwa hatua: sehemu 1 katika 2, 1 katika 4, 1 katika 8, na kuendelea. Kila kiwango kinachanganywa na seli. Kama kingamwili zipo, zinashika kwenye utando. Seli zinaoshwa, halafu inaongezwa kingamwili nyingine iliyofungwa rangi inayong'aa, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili za binadamu popote zilipo. Zinaoshwa tena na kuwekwa chini ya hadubini yenye mwanga maalumu. Mtu mwenye kinga, seli zake zinaonekana zimezungukwa na duara la kijani. Asiye na kinga, seli zinabaki na giza.

Kama ingeishia hapo, FAMA ingekuwa kipimo kingine tu cha maabara. Kilichokipa heshima ni subira ya waliokitumia. Walifuatilia watu waliopimwa kisha wakakaa nyumba moja na mgonjwa wa tetekuwanga, na hakuna mtihani mkali kuliko huo: mtu asiye na kinga akikaa nyumba moja na mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 9 katika 10. Miongoni mwa waliokuwa na duara la kijani kwenye seramu iliyozimuliwa 1 katika 4 au zaidi, waliougua walikuwa wachache mno, kama 2 katika kila 100. Miongoni mwa waliokuwa chini ya hapo, zaidi ya nusu waliugua. Kiwango cha 1 katika 4 kilipatikana kwa njia hiyo. Hakikuchaguliwa mezani, kilitoka kwenye nyumba zenye wagonjwa.

Mwaka huohuo wa 1974, upande wa pili wa dunia, Michiaki Takahashi wa Chuo Kikuu cha Osaka alichapisha habari za chanjo ya kwanza ya tetekuwanga. Miaka kumi kabla, akiwa mtafiti Houston, Texas, alikuwa amekesha akimtazama mwanawe mdogo akihangaika na tetekuwanga kali, naye ameeleza kwamba usiku huo ndio uliomwelekeza kwenye kazi hii. Alichukua virusi kutoka kwa mtoto Mjapani wa miaka 3, wa ukoo wa Oka, akavikuza vizazi kwa vizazi kwenye seli za mapafu ya binadamu katika ubaridi wa nyuzi 34, kisha kwenye seli za aina fulani ya panya wanaofugwa maabara, mpaka vikadhoofika. Aina hiyo ya virusi, inayoitwa Oka hadi leo, ndiyo iliyozaa chanjo hai karibu zote za tetekuwanga duniani.

Gershon aliipeleka chanjo hiyo kwa watoto waliokuwa na haja nayo kuliko wote: watoto wenye saratani ya damu, ambao tetekuwanga ingeweza kuwaua. Katika utafiti uliowahusisha zaidi ya watoto 500 wa aina hiyo nchini Marekani, FAMA ndiyo iliyokuwa jicho. Iliwaonyesha madaktari ni mtoto gani chanjo imemshika na nani anahitaji dozi nyingine, na iliwaonyesha pia watoto ambao duara lao lilififia na kupotea kadiri miaka ilivyopita. Mtoto wa saratani akisemwa ana kinga kumbe hana, mzazi hataona sababu ya kumkimbiza hospitali siku jirani anapotoka vipele. Ndiyo maana naona umakini wa kipimo hapa ni suala la uhai wa mtu kabla ya kuwa suala la sayansi.

FAMA ina ubaya mmoja mkubwa. Inataka seli hai, mikono iliyozoea na jicho la mtu aliyefunzwa, na haiwezi kufanyiwa watoto elfu kumi kwa mwezi. Kampuni ya Merck, iliyokuwa inaitayarisha chanjo ya Oka kwa soko la Marekani, ilihitaji kitu cha haraka. Ikaunda kipimo cha aina ya ELISA. Protini za ganda la virusi, zile zenye sukari ambazo wataalamu huziita glaikoprotini, husafishwa na kubandikwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Seramu inamiminwa, kingamwili zinashika, kimeng'enya kinaleta rangi, na mashine inasoma ukali wa rangi hiyo na kutoa namba. Hakuna jicho la mtu linalohitajika, na sahani moja inapima watu wengi kwa mara moja.

Matokeo yalifurahisha. Tayari mwaka 1984 jaribio lililofanyika Marekani kwa watoto zaidi ya 900 lilikuwa limeonyesha nguvu ya chanjo: katika miezi ya mwanzo, watoto 39 waliugua tetekuwanga, na wote walikuwa wa kundi lililopewa sindano isiyo na chanjo. Sasa ELISA ya Merck ilionyesha kwamba asilimia 97 ya watoto waliochanjwa dozi moja walikuwa na kingamwili zinazoonekana. Machi 1995 chanjo ikaidhinishwa Marekani, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na wagonjwa wapatao milioni 4 wa tetekuwanga kila mwaka na vifo 100 hadi 150. Dozi moja ilihesabiwa kuwa inatosha.

Haikutosha. Wagonjwa walipungua sana, hilo halina ubishi, lakini milipuko iliendelea kuzuka kwenye shule na vituo vya kulelea watoto ambako karibu kila mtoto alikuwa amechanjwa. Mlipuko uliozungumzwa sana ulitokea Concord, katika jimbo la New Hampshire, kuanzia Desemba 2000. Mtoto wa kwanza kuugua alikuwa amechanjwa, naye akawaambukiza wenzake, na watafiti walipopiga hesabu walikuta chanjo imezuia asilimia 44 tu ya ugonjwa wote katika kituo kile, ingawa ilizuia asilimia 86 ya ugonjwa wa kati na mkali. Swali likawa gumu: ikiwa watoto 97 katika kila 100 wana kingamwili, hawa wanaougua wametoka wapi?

Gershon na kundi lake walilijibu kwa kurudi kwenye duara la kijani. Katika utafiti uliochapishwa 2008 walipima kwa FAMA damu ya watoto 148 wenye afya njema, baada ya dozi moja ya chanjo. Waliofikia kiwango cha kinga walikuwa 113, yaani asilimia 76. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakuwa amepata kinga hata siku moja. Wengi walikuwa wakidhani kwamba kinga ya watoto inachakaa kwa miaka. Kumbe kwa sehemu kubwa haikuwa imejengwa tangu mwanzo.

Nimeitazama tofauti hii ya 97 na 76 mara nyingi, na nadhani inafundisha kuliko majaribio mengi makubwa. ELISA ya Merck haikudanganya. Ilijibu swali ililoulizwa: je, kuna kingamwili yoyote inayoonekana? Na kwa watoto 97 katika 100, ilikuwapo. Lakini watafiti wa Merck wenyewe walikuwa wamegundua jambo la pili walipowafuatilia watoto kwa miaka: mtoto aliyepata vizio 5 au zaidi kwa kila mililita, wiki sita baada ya chanjo, hakuugua kirahisi, na yule wa chini ya vizio 5 alikuwa hatarini zaidi. Katika majaribio ya kabla ya idhini, watoto waliofikia vizio 5 kwa dozi moja walikuwa takriban asilimia 76. Namba ileile ya FAMA. Ukikiweka kiwango mahali ambapo ugonjwa wenyewe unakielekeza, vipimo viwili vya asili tofauti vinakubaliana. Ukikiweka mahali ambapo mashine inaanza kuona rangi, unajipa matumaini ambayo watoto wa Concord waliyalipia kwa vipele.

Juni 2006 kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani ikapendekeza dozi ya pili kwa watoto wote. Baada ya dozi mbili, zaidi ya watoto 99 katika kila 100 hufikia vile vizio 5, na milipuko ya shuleni ikapungua kama ilivyotarajiwa.

Sasa tunaweza kurudi kwa yule muuguzi. Hospitali yake haitumii FAMA, wala ELISA ya Merck, ambayo haiuzwi madukani. Inatumia vipimo vya kibiashara vilivyotengenezwa kwa kutumia virusi vizima vilivyosagwa, na ambavyo kiwango chake kilipangwa kwa watu waliougua tetekuwanga yenyewe. Ugonjwa huleta kingamwili nyingi; chanjo huleta chache zaidi, ingawa zinatosha. Vipimo hivyo ni wavu wa macho makubwa: unanasa changu vizuri, lakini dagaa wanapenya, na mvuvi anayerudi na wavu huo hawezi kuapa kwamba hakuna dagaa baharini. Katika nchi ambako karibu kila mwenye kinga ameipata kwa kuugua, wavu huo unafaa kabisa. Afrika Mashariki iko hivyo leo, kwa kuwa chanjo ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya chanjo za bure za watoto nchini Tanzania, Kenya wala Uganda. Daktari wa Mombasa au Mwanza akimpima mjamzito kwa ELISA ya kawaida na kukuta kingamwili, anaweza kuliamini jibu hilo. Lakini siku nchi hizi zitakapoanza kuchanja, maabara zake zitaingia kwenye tatizo lilelile la muuguzi wa Marekani, na inafaa zijue mapema.

Hadi hapa nimezungumzia tetekuwanga, ambako kingamwili ni shahidi mzuri akihojiwa vizuri. Mkanda wa jeshi ni habari nyingine.

Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, aliandika kumbukumbu za kila mgonjwa wake wa mkanda wa jeshi kwa miaka 16, katika jamii ya watu wapatao 3,500. Mwaka 1965 alichapisha alichokiona kwa wagonjwa 192: ugonjwa huongezeka kwa umri, na mtu wa miaka themanini na kitu yuko hatarini mara kadhaa kuliko kijana. Akafikiri kwamba kuna kinga fulani inayovizuia vile virusi vilivyolala visiamke, na kwamba kinga hiyo huchakaa. Alidhani ni kingamwili. Ilikuwa dhana ya busara kwa zama zake, lakini vipimo vilipopatikana vilikataa. Kingamwili za tetekuwanga hazishuki uzeeni. Mzee wa miaka 80 analo duara la kijani safi, na bado mkanda wa jeshi unamtoka.

Kuna watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili. Wakipata tetekuwanga, kwa kawaida wanapona kama wenzao. Upande wa pili kuna watu ambao kingamwili wanazo ila seli T, zile zinazotambua na kuua seli zilizoambukizwa, zimepungua, na hao ndio wanaoteswa na virusi hivi. Hapa Afrika Mashariki na Kongo hatukuhitaji kusoma hilo vitabuni. Mwaka 1988 madaktari waliofanya kazi Kinshasa waliandika kwamba mkanda wa jeshi kwa kijana ni dalili ya maambukizi ya VVU, na katika miaka iliyofuata kliniki za Kampala, Moshi na Nairobi ziliona mamia ya vijana wenye ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya viliuita wa wazee. VVU vilikuwa vinaziteketeza seli T za aina ya CD4. Shirika la Afya Duniani likauweka mkanda wa jeshi kwenye hatua ya pili ya dalili za VVU. Uchungu wa miaka ile ulikuwa na somo la kinga ambalo halikupata kuandikwa vizuri kwa Kiswahili: kingamwili pekee haziwezi kuvizuia virusi vilivyokwisha kuingia kwenye mshipa wa fahamu.

Wajapani walilithibitisha kwa njia ya upole zaidi. Kwenye kisiwa cha Shodoshima, watafiti waliandikisha wakazi 12,522 wa miaka 50 na zaidi. Waliwachoma kiasi kidogo cha protini za virusi kwenye ngozi ya mkono na kupima wekundu uliojitokeza siku mbili baadaye, kwa kuwa wekundu huo ni kazi ya seli T. Baadhi yao walitolewa damu pia. Kisha wakawafuatilia miaka mitatu. Waliokuwa na wekundu mkubwa walipata mkanda wa jeshi mara chache sana. Wingi wa kingamwili haukutabiri kitu.

Matokeo ya Marekani yalishangaza hata zaidi. Katika jaribio kubwa la chanjo ya kwanza ya mkanda wa jeshi, lililochapishwa 2005 na kuhusisha wazee 38,546, chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 51. Sehemu ya waliougua walipimwa damu mara tu vipele vilipoanza. Wenye seli T zenye nguvu waliugua kidogo. Wenye kingamwili nyingi waliugua zaidi, na maumivu yao yakadumu. Mtu akisoma haraka anaweza kudhani kingamwili zinadhuru. Siyo. Virusi vikizaliana kwa wingi kabla ya kudhibitiwa, mwili unaona protini nyingi za virusi na kutengeneza kingamwili nyingi kuzijibu. Namba kubwa ilikuwa kumbukumbu ya vita vilivyokwisha kupiganwa vibaya.

Je, basi kingamwili hazina maana yoyote kwa chanjo ya mkanda wa jeshi? Hapo panahitaji uangalifu. Katika jaribio lingine la chanjo hiyo, kwa watu zaidi ya 22,000 wa miaka 50 hadi 59, watafiti hawakutazama tu kiasi cha kingamwili. Walitazama ni mara ngapi kiasi hicho kiliongezeka baada ya kuchanjwa, na ongezeko hilo lilitabiri vizuri nani hataugua. Sababu iko katika namna mwili unavyofanya kazi: seli zinazotengeneza kingamwili haziongezi kasi bila msaada wa seli T. Kingamwili zikipanda ghafla baada ya sindano, ina maana seli T zimeitika. Kipimo kinaonyesha kazi ya mwingine, na kwa kuwa kupima seli T ni kazi ngumu na ya gharama, inayotaka damu ibaki hai, watafiti wanaridhika nacho.

Chanjo ya sasa, Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2017, haina virusi hai. Ina protini moja tu ya ganda, gE, pamoja na kichocheo ambacho kiungo chake kimoja hutoka kwenye magome ya mti wa Chile. Katika jaribio la watu zaidi ya 15,000 wa miaka 50 na kuendelea, waliougua katika kundi la chanjo walikuwa 6, na katika kundi la sindano isiyo na chanjo walikuwa 210. Ni kinga ya asilimia 97, hata kwa watu wa miaka 70. Kingamwili za gE zilipanda mno kwa karibu kila mtu, na seli T vilevile. Ushindi huo umezaa tatizo la ajabu kwa wapimaji: waliougua ni wachache kiasi kwamba ni vigumu kupata mpaka kati ya kiasi kinachokinga na kisichokinga. Hakuna daktari anayeweza leo kupima damu yako, akasoma namba, na kukuhakikishia kwamba mkanda wa jeshi hautakupata.

Kwa hiyo nina neno kwa msomaji. Ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili wako, yakitanguliwa na maumivu au ganzi, usipoteze fedha kwa kipimo cha kingamwili za tetekuwanga, wala usiupe nafasi uvumi wa kurogwa. Nenda kituo cha afya ndani ya saa 72, maana dawa ya acyclovir hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, na usikawie ikiwa vipele viko karibu na jicho. Na kama hujapima VVU karibuni, omba upimwe siku hiyohiyo.